Kosa la Kwanza la Babu Nukta

Umande ulikuwa bado mzito kwenye nyasi Dada Mabuti alipotoka na boksi la sita kwapani, akilitoa pale baba yake alipolificha jana na kulipeleka pale baba yake alipoandika kwamba amelificha. Ndivyo ilivyokuwa, na hata ukisoma mara ya pili haitabadilika: mahali pawili, mita mia tatu katikati, na mzee mmoja aliyeamini kuwa ni mahali pamoja.

Msitu wenyewe haukuwa mkubwa. Mtu mwenye haraka angeukata upande hadi upande kwa robo saa. Ulikuwa umetengwa kwa ajili ya watoto tu, shule zilete madarasa yajifunze majani, ndege na wadudu. Lakini tuseme ukweli, hakuna mtoto aliyeamka mapema kwa ajili ya majani. Kilichowaleta mbio ni msako wa maboksi. Boksi la bati lisiloingia maji linafichwa mahali, na kila mahali duniani pana namba zake, zile zinazosomwa kwa setilaiti. Watoto wanapewa kadi yenye namba, wanaziingiza kwenye mashine inayoenea kiganjani, halafu wanaufuata mshale. Wakilipata boksi wanaandika majina kwenye kidaftari kilichomo, wanalifunga, wanalirudisha walipolikuta. Maboksi yalikuwa sita. Matano ya kwanza kila kundi lilitafuta kwa utaratibu wake, ila la sita lilikuwa la kugombaniwa: makundi mawili yaliliendea kwa mpigo, na lililofika kwanza lilipuliza filimbi mpaka ndege wakahama miti.

Mficha maboksi alikuwa baba yake. Alikuwa mpima ardhi kwa miaka arobaini, na alipostaafu alikaa nyumbani wiki tatu, akapima ua mara nne, kisha akaja kuomba kazi ya kujitolea. Watoto walimwita Babu Nukta kwa jinsi alivyowasomea namba. Akifika kwenye nukta alisimama kidogo, akaitamka kwa heshima zote, ndipo akaendelea. Bintiye alikuwa ofisini hapohapo. Alipokea shule, akagawa mabuti ya mpira, akahesabu vichwa vikiingia na vikitoka, na hilo jina la Dada Mabuti lilimganda hadi mwanawe mwenyewe akilitumia anapotaka kumchokoza.

Mwaka mmoja na ushee kabla ya asubuhi hiyo, darasa moja lilirudi kutoka msituni likiwa limenuna. Boksi la tatu halikuonekana. Babu Nukta aliwatania kwamba macho wameyaacha nyumbani, wakacheka, mambo yakaisha. Bintiye hakucheka. Jioni alichukua daftari la mzee na mashine yake, kwa sababu mashine ilihifadhi kila mahali alipobonyeza, akalinganisha. Kwenye mashine iliandikwa nne saba. Kwenye daftari, kwa mwandiko wake ulionyooka na zile saba zenye mkato kiunoni, iliandikwa saba nne. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana viti, basi, na boksi likawa limekwenda mita mia tatu bila kunyanyuka.

Alijiambia ni uchovu. Ilipotokea mara ya pili alijiambia ni miwani, akamnunulia mpya. Mara ya tatu alimpeleka kwa daktari. Daktari alimwambia mzee ahesabu kutoka mia kurudi nyuma, akipunguza saba saba. Mzee alishuka hadi mwisho bila kumeza mate, kisha akamwuliza kijana wa watu kama angependa asikie na kumi na moja kumi na moja. Daktari alicheka akawarudisha nyumbani. Binti alipobaki nyuma kumweleza habari ya tarakimu, aliambiwa kwa upole kuwa kila mtu hukosea, na kama ana wasiwasi aandike kila kosa, alete hesabu yake baada ya muda. Ndiyo maana nyuma ya daftari la mabuti palikuwa na mistari midogo iliyokatwa tano tano. Hakuwahi kuipeleka. Kila alipotaka kuipeleka aliiona kama mashtaka.

Mwenye haraka atauliza kwa nini asisahihishe namba tu, akaacha maboksi yatulie. Hiyo ndiyo raha ya kushauri ukiwa mbali. Baba yake hakuwa mtu wa kufutiwa namba. Mpima hafuti, alimfundisha tangu akiwa mtoto anamshikia rula ya kupimia katika viwanja vya watu. Mpima akikosea anakata kwa mstari mmoja, anaandika sahihi juu yake, anatia saini, ili atakayekuja baadaye aone kosa na aone marekebisho. Asiyefanya hivyo ni tapeli. Mkono wa mtu mwingine kwenye daftari lake angeujua hata gizani. Basi kwa kuwa namba hazikugusika, Dada Mabuti aliyagusa maboksi. Kila siku ya wageni alifika ofisini kabla ya watu, akalinganisha daftari na mashine, na boksi lililokosewa akalihamishia kwenye kosa lake. Watoto wakalipata, mzee akabaki kuwa mzee.

Palikuwa na siku za vichekesho, hatukatai. Siku moja namba zilitua katikati ya bwawa, ikabidi alifunge boksi kwa kamba kwenye matete, na mwalimu akasifu ubunifu huo hadi mzee akashangaa, lakini sifa hazikataliwi. Siku nyingine zilivuka uzio na kuangukia zizi la ndama la jirani. Aliongea na jirani, jirani akakubali, na watoto waliandika kwenye kidaftari kuwa hilo ndilo boksi bora kuliko yote. Babu Nukta alilisoma neno hilo mara tatu. Usiku wa siku hiyo alikula vizuri, akamwambia bintiye kwamba uzeeni amegundua kipaji. Binti aliitikia akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Mzee mwenyewe hakugundua kwa sababu hakuongozana na watoto. Kuficha alificha jana yake, peke yake, kwa mwendo wake na fimbo yake. Siku ya msako magoti hayakuweza mbio za watoto, hivyo alikaa kwenye benchi la ofisi akiwangoja. Mpango mzima ulisimama juu ya magoti hayo. Dada Mabuti alikuwa akimkanda kila Jumamosi kwa mafuta huku anamwombea yapone, na moyoni, Mungu amsamehe, anaomba yasipone sana.

Siku hiyo lilikuwa linakuja darasa la mwanawe. Mtoto alikuwa na miaka tisa na babu yake alimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo. Tangu wiki iliyopita alikuwa akiwatambia wenzake kwamba mficha ni babu yake wa damu na kwamba hajawahi kukosea.

Boksi la sita lilikuwa limefichwa ndani ya mti wenye pango, karibu na kijito. Kwa namba za daftari lilitakiwa liwe huko mlimani, kwenye mwamba uliopasuka. Dada Mabuti alilisukuma ndani ya ufa, akaweka jiwe mbele, akarudi ofisini, akakata mstari wake mdogo nyuma ya daftari la mabuti na kuanza kupanga mabuti kwa saizi. Kadi mzee aliziandika jana; za kundi la mwalimu binti aliziweka mezani mapema. Kadi za kundi la Chiriku mzee alisema atazigawa mwenyewe.

Basi la shule lilipofika, Babu Nukta alikuwa amesimama mlangoni na mabuti miguuni. Bintiye alimwuliza anakwenda wapi. Alisema leo anatembea, magoti yameamka vizuri, na mjukuu haji kila siku. Binti alimkumbusha ule mteremko wa kijitoni. Mzee alisema mteremko anaujua, ndiye aliyeupima. Alinyoosha mkono ashikwe, na mbele ya watoto ishirini na wawili binti hakuwa na la kufanya ila kuushika.

Makundi yaligawanyika. Mwalimu aliondoka na kumi na mmoja, Dada Mabuti na baba yake wakabaki na kumi na mmoja wengine. Binti alijipa moyo. Boksi la sita liko kwenye namba, alijiambia, mzee atafika mwambani atashangaa kidogo, nitamwambia alibadili mawazo akasahau, atacheka. Maboksi matano yalipatikana bila shida, moja baada ya jingine, na kila moja lilipofunguliwa Babu Nukta alifurahi kuliko watoto. Miaka yote hiyo alikuwa akificha tu. Hakuwahi kuona sura ya mtoto anapogusa bati ndani ya majani. Alisema kwa sauti kwamba amekuwa mjinga kukaa kwenye benchi, na bintiye akaona aibu kwa jinsi alivyomtakia magoti mabaya.

Walipomaliza la tano Chiriku alichomoa kadi ya mwisho.

"Babu, hapa umekata."

Dada Mabuti alitupa jicho kwenye kadi. Zile tarakimu mbili zilizobadilishana viti zilikuwa zimekatwa kwa mstari mmoja, mwembamba, ulionyooka. Juu yake ziliandikwa nyingine. Pembeni palikuwa na saini.

Babu Nukta aliwakusanya watoto akawafundisha pale pale kuhusu mstari mmoja na saini, na kwa nini mpima hafuti. Kisha akamgeukia binti yake, sauti ameishusha, uso umemng'aa.

"Leo asubuhi nimekagua na mashine, kwa sababu ya huyu mtoto. Nimekamata kosa. La kwanza tangu nianze kazi, mama, miaka arobaini na kitu. Lakini nimelikamata mwenyewe."

Dada Mabuti alisema vizuri, Baba. Kadi sasa ilikuwa sahihi, inaelekeza kwenye mti wenye pango, na mti wenye pango ulikuwa mtupu kwa sababu yeye mwenyewe aliutoa tumbo alfajiri.

Alipiga hesabu za haraka. Kutoka hapo hadi mwambani na kurudi hadi kwenye mti, akikimbia, labda dakika kumi na mbili. Watoto walihitaji nane. Alisema anatangulia kuangalia njia. Mzee alisema njia iko sawa, aliipita jana. Binti alisema ameangusha funguo huko nyuma, akageuka, akaenda hatua kama hamsini akikimbia, ndipo akawasikia watoto wameshafika kwenye gogo la kuvukia kijito. Watoto kumi na mmoja, gogo lenye utelezi, na mtu mzima mmoja mwenye fimbo. Alisimama pale njiani akiangalia huku na huku. Kisha akarudi, maana angefanya nini? Aliwavusha mmoja mmoja, akiwabana mikono hadi mtoto mmoja akamwambia asiogope, maji ni mafupi. Alimpigia simu mlinzi wa getini alikimbilie boksi. Iliita, iliita, ikakatika. Mwisho alimvusha baba yake, na mzee alipofika ng'ambo hakumwachia mkono.

Mshale uliwapeleka moja kwa moja. Mita thelathini, mita kumi, mita mbili. Chiriku alitangaza kila mita kama mnada. Mashine ilipolia, watoto walizunguka mti na kulishabikia pango, lakini wakakubaliana kwamba babu ndiye atakayelitoa, kwa kuwa amekuja.

Babu Nukta aliweka fimbo chini. Alipiga goti moja, kisha la pili, na bintiye alisikia yanavyolia. Aliingiza mkono hadi begani. Alikuwa anatabasamu anapoingiza. Mkono ulitafuta kushoto, ukatafuta kulia, ukatafuta tena kushoto, na tabasamu likabaki usoni muda kidogo baada ya sababu yake kuondoka.

"Labda limehama," alisema Chiriku.

Babu alisema boksi halina miguu, watoto wakacheka. Alichukua mashine akasoma namba, akachukua kadi akasoma namba, akachungulia ndani ya pango kwa tochi ya simu. Watoto walikuwa wameacha kucheka. Mmoja alimwuliza Chiriku kwa mnong'ono kama huyu ndiye yule babu asiyekosea, na Chiriku akainama kukung'uta matope kwenye buti lake.

Mzee alimtazama binti yake kutoka pale chini.

"Nililiweka hapa," alisema. Kisha akasema, "Au?"

Lile neno moja dogo lilimkata maini. Mtu huyu aliwahi kusimama mahakamani siku mbili mfululizo akitetea jiwe moja la mpaka, na hapo alikuwa amepiga magoti kwenye matope akimwomba mtu mwingine amwambie jana alifanya nini. Dada Mabuti angeweza kusema ukweli. Lakini ukweli huo haukuwa wa leo peke yake. Ulikuwa na mkia wa mwaka mzima, na ukiuvuta kichwa, mkia unafuata. Akavuta kilichokuwa karibu.

"Ni tumbili, Baba. Wiki iliyopita mlinzi aliwaona wanachezea maboksi."

Watoto walilipokea kwa shangwe. Tumbili! Ilikuwa tamu kuliko boksi lenyewe. Wakaanza kuangalia juu ya miti, na Chiriku akapata sauti yake akaeleza jinsi tumbili wanavyofungua mikebe. Babu Nukta naye alishusha pumzi. Alinyoosha mkono ainuliwe, bintiye akamwinua, akampangusa matope magotini. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama imepita.

Filimbi ikalia kutoka mlimani. Ndefu, kisha tatu fupi, kisha kelele za watoto kumi na mmoja wanaopiga kelele kwa pamoja. Simu ya Dada Mabuti ikaita na sauti ya mwalimu ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. Wamelipata la sita, alisema, kwenye mwamba uliopasuka, pale pale kadi ilipoelekeza, na mwambie mzee leo amejipita.

Zile kadi za mezani. Mzee alikuwa amesahihisha kadi moja, akasahau kuwa zilikuwa mbili.

Babu Nukta aligeukia upande wa mwamba, akatazama mti, akatazama kadi yenye mstari na saini. Dada Mabuti aliijua sura hiyo. Ndiyo aliyokuwa nayo kwenye viwanja vya watu, majirani wawili wanapobishana naye ananyamaza, akiwa anafunga hesabu kichwani. Hakuna alichoweza kufanya kuizuia. Alisimama tu na simu mkononi akimwona baba yake anatoka kwenye tarakimu moja hadi nyingine, polepole, bila kukosea, hadi akafika.

"Tumbili hasomi namba," alisema.

"Baba."

"Mtu aliyelipeleka pale alikuwa na daftari langu. Na alijua kosa kabla yangu. Lile zizi la ndama. Nilikuwa nashangaa nilivukaje ule uzio."

Dada Mabuti alianza kulia bila sauti, watoto wasione. Alimwambia hakutaka aumie. Alimwambia kwamba daktari hakumsikiliza, kwamba hakujua afanye nini, na maneno yote hayo yalikuwa ya kweli na hayakusaidia hata chembe.

"Mangapi?" aliuliza mzee.

"Tutaongea nyumbani, Baba, nakuomba."

"Mimi ni mpima. Nipe namba."

"Thelathini na moja."

Mzee alitikisa kichwa, si kwa hasira. Afadhali angekasirika. Alitoa daftari kwenye mfuko wa shati na penseli nyuma ya sikio, akageuza ukurasa mpya, akaandika, akampa bintiye aone. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwona anampa mtu daftari lake alikague.

"Nimeandika sawa?"

Kwenye karatasi palikuwa na moja na tatu. Moja imetangulia.

Angeweza kusema sawa. Alikuwa amesema sawa kwa mwaka mzima, kwa miguu na kwa mikono, na ulimi wake ulikuwa umeshajiweka tayari. Huko juu watoto walikuwa wanateremka na boksi lao wakiimba.

"Hapana, Baba," alisema.

"Basi nisomee. Moja moja, kama zamani."

"Tatu."

Akaandika tatu, kubwa, safi.

"Moja."

Mzee aliinama juu ya karatasi, ncha ya penseli imeigusa, wala haikwenda popote. Chiriku alikuwa amesogea, amemshika babu yake shati kwa nyuma. Watoto waliimba huko juu, wakakaribia, na bado penseli haikwenda. Mwishowe Babu Nukta aliinua uso, na kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwuliza mgeni njia, akamwuliza binti yake baada ya tatu alisema ngapi.